Siku Tatu za Japani: Usizimalize Kwenye Treni

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji kutoka Pemba. Anakwenda Nagoya mwezi wa kumi na moja kwa kozi fupi, na ikimalizika atabakiwa na siku tatu zake mwenyewe. Ameshazigawa: ya kwanza Tokyo, ya pili Kyoto, ya tatu Osaka. “Dada, waonaje?” Naona vibaya, mdogo wangu. Utarudi Chake Chake na picha za mabehewa.

Nenda Kiso. Ni bonde la milimani, kaskazini mashariki ya Nagoya, ambamo zamani ilipita Nakasendo, njia ya kiasi cha kilomita 530 iliyounganisha Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto. Njiani palikuwa na vituo 69 vya wasafiri, na 11 kati ya hivyo vilikuwa Kiso. Cha 42 ni Tsumago, cha 43 ni Magome, na baina yao kuna njia ya kilomita nane hivi ambayo mpaka leo watu huipita kwa miguu.

Mara ya kwanza niliipita kipumbavu. Nilikuwa mwanafunzi Nagoya, nikaamka nimechelewa, nikafika Magome saa tisa alasiri. Magome inakughilibu: mtaa wa mawe unaopanda mlima, magurudumu ya maji, nyumba za mbao pande zote. (Nyingi si kongwe kama zinavyoonekana, kwani mji uliungua 1895 na tena 1915.) Nikala gohei mochi tatu, wali uliopondwa ukachomwa kwenye kijiti na kupakwa jozi (kokwa za walnut) na miso, rojo la soya lililochachushwa. Nikapiga picha. Nikapiga nyingine. Kisha nikajiambia kilomita nane ni kitu gani kwa mtu aliyekulia kutembea Darajani hadi Mtoni?

Novemba katika milima ile jua linatua kabla ya saa kumi na moja, na ndani ya msitu giza halisubiri jua. Njiani wametundika kengele za shaba zenye maandishi kwamba ugonge kwa sababu ya dubu. Nilizigonga zote, kama muuza aiskrimu aliyepotea. Simu ilikuwa na asilimia nne. Kwenye kilele cha njia, mita 800 hivi juu ya bahari, nilivuka mpaka wa mikoa miwili bila kujua. Magome ilihamishwa kutoka Nagano kwenda Gifu mwaka 2005, na wakati ule ungenihamishia hata mwezini nisingeona tofauti.

Nilipofika Tsumago kila mlango umefungwa. Basi la mwisho limeondoka. Mkobani nina yeni 800 na kadi ya benki ambayo hapakuwa na wa kuipokea. Bibi mmoja aliyekuwa akifunga duka lake alinitazama viatu, akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akanionyesha kigari chake. Hakusema neno mpaka stesheni ya Nagiso. Pale akanipa mfuko wa machenza, akageuza gari. Nililia kwenye treni, na wala si kwa woga. Nililia kwa kuwa nimefika Tsumago na sikuiona.

Nilirudi Aprili. Habari za kudunduliza pesa siwaambii, mnazijua. Safari hii nililala minshuku, nyumba ya familia inayopokea wageni, na niliandika mapema kwamba sili nguruwe wala pombe. Liandike hilo, Mwislamu mwenzangu, na uitaje mirin na sake, pombe za mchele, kwa majina, maana mirin huingia hata kwenye mchuzi wa tambi na aliyeitia hahesabu kuwa ametia pombe. Nikapewa samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, wali, na mboga za mlimani chungu kidogo kama mnavu.

Jioni wageni wa kutwa wakishaondoka, mtaa unabaki na taa na sauti ya maji. Ilinichukua muda kutambua kilichokosekana: nyaya. Wamezipitisha nyuma ya nyumba. Sisi wa Mji Mkongwe tunajua kutazama juu na kuona buibui wa umeme.

Asubuhi mwenye nyumba alinieleza kwa simu ya kutafsiri. Reli ya 1911 ilipita bondeni kando ya mto, ikauacha mji. Wasafiri wakaisha, vijana wakahama, na nyumba zikabaki kwa sababu hapakuwa na pesa za kujenga nyingine. Mwaka 1968 wakaanza kuzikarabati, na 1971 wenyeji wakala kiapo cha mambo matatu: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. Nilimwomba arudie ile ya kwanza. Akairudia mara tatu, akidhani simu imekosea.

Simu haikukosea. Nyumba ya bibi yangu Kiponda, humo humo Mji Mkongwe, iliuzwa na warithi wake, damu moja, kwa kura ya mkekani baada ya arubaini. Sasa ni nyumba ya wageni. Nilipoingia mwaka juzi, kijana wa mapokezi aliniuliza kama nimeshaweka nafasi. Barazani alipokuwa akikaa bibi na kahawa yake pamewekwa viti vya plastiki. Basi mnaosema wageni wanatumalizia mji, nawauliza: saini ni za nani? Mgeni haingii kwa kuvunja mlango. Sisi tunafungua, tunahesabu pesa, kisha tunaandika mtandaoni kwamba utamaduni unapotea. Na bado tutauza, na tutapiga picha kabla ya kuuza.

Lakini nisiwasifie wale kupita kiasi. Nilimuuliza mzee yule watoto wake wako wapi. Nagoya, akasema, wote wawili. Akacheka, kisha akaenda kuniletea chai.

Haya, mdogo wangu wa Pemba. Chukua treni ya Shinano asubuhi mpaka Nakatsugawa, haifiki saa nzima, kisha basi la nusu saa mpaka Magome. Anzia Magome, si Tsumago. Mlima unakuwa mfupi. Saa nne uwe njiani. Mzigo ukabidhi ofisi ya watalii asubuhi, utaukuta upande wa pili. Beba pesa taslimu. Weka nafasi ya usiku mmoja Tsumago tangu sasa, kwa kuwa Novemba majani yanageuka mekundu na Wajapani wenyewe hujaa. Na beba pesa taslimu, nasema tena.

Kengele za dubu zigonge. Zote.