Stima ikipotea na sindano ya kolesteroli iko kwenye friji
Dada, umeuliza kama evolokumabu ya mzee, ile sindano ya kushusha kolesteroli (mafuta kwenye damu), imeharibika baada ya stima kupotea usiku kucha hapo Kondele. Usiitupe bado. Ikiwa ndani ya boksi lake huvumilia nje ya friji hadi siku 30, mradi joto lisizidi nyuzi 25 za selsiasi. Shida ni kwamba mchana wa Kisumu hupita hapo bila taabu, kwa hiyo mpigie mfamasia kabla ya kumdunga. Iliyoganda barafu ndiyo ya kutupa, hata ikiyeyuka. Siku ya kudunga itoe nusu saa mapema, baridi iishe yenyewe, usiichovye kwenye maji moto (mamangu alijaribu!). Na vidonge vyake vya kolesteroli asiviache bila daktari kusema.