Nasoma namba mara nne na bado silali

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Mwanza, nimeajiriwa, kibanda si changu. Mwezi wa pili nilimtumia mteja 450,000 badala ya 45,000. Sifuri moja tu. Tulipompigia akazima simu, na bosi ananikata mshahara mpaka leo. Tangu hapo kila muamala nausoma mara nne, wateja wananisonya. Usiku saa nane nashtuka, moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, nawaza kesho nitakosea tena. Zahanati wamenipima moyo na presha, wanasema sina tatizo. Rafiki kanitumia video ya kutuliza akili: fumba macho, usiwaze kitu. Nikijaribu ndiyo nazidi. Nifanyeje?
Wakala, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hiyo video iache. Kichwa si kibanda, hakifungwi kwa kufuli jioni ikifika.

Nikueleze yangu. Nilipokuwa muuguzi wodini, funguo za kabati la dawa zilikaa mfukoni mwangu. Kuna mwaka nilianza kurudi kuhakikisha nimefunga. Mara moja, kisha mbili. Siku nyingine nimeshapanda daladala, nashuka, narudi kwa miguu. Kila nikikuta limefungwa napata nafuu, nafika kituoni tu wasiwasi umerudi. Mwenzangu mmoja, mganga wa magonjwa ya akili, aliniambia: leo funga, ondoka, usirudi, andika kwenye karatasi unachodhani utakikuta asubuhi. Niliandika "kabati wazi, dawa zimeibiwa, nimefukuzwa". Usiku ule sikulala vizuri, sikufichi. Asubuhi kabati lilikuwa limefungwa, na ile karatasi ninayo hadi leo.

Hiyo ndiyo tiba ya utambuzi na tabia. Daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, aliijenga miaka ya 1960 baada ya kuona kwamba wagonjwa wake wa sonona wana vijisentensi vinavyopita kichwani haraka, wanaviamini bila kuvihoji. Chako ni "kesho nitakosea tena". Kinakupa woga, woga unakufanya usome mara nne, na kwa kuwa umesoma mara nne hujawahi kujionea kwamba mara mbili zingetosha.

Basi nunua daftari. Upande mmoja andika hicho kijisentensi na woga wako ni kiasi gani kati ya 0 na 100. Upande wa pili andika ushahidi, kama unavyofunga hesabu jioni: tangu mwezi wa pili umefanya miamala mingapi, umekosea mingapi? Barua yako haikutaja kosa la pili, nami nadhani ungelitaja. Kisha wiki hii soma mara mbili tu: mara moja kimoyomoyo, mara moja kwa sauti, mteja aitikie, ndipo ubonyeze. Hizo ni za kazi. Ya tatu na ya nne ni za woga, ziache hata kama vidole vinawasha. Siku za mwanzo woga utapanda. Mwache upande, uandike namba yake, uiangalie tena baada ya nusu saa.

Usiku usibishane na fikra, saa nane hakuna anayeshinda. Wala usifungue simu kuangalia salio, maana nina hakika unafanya hivyo. Keti, weka nyayo sakafuni, usikie ubaridi wa sementi. Fuata pumzi inavyoingia na kutoka bila kuilazimisha. Fikra ikija, iambie "ile ya sifuri imefika", urudi kwenye pumzi. Itakuja mara hamsini, nawe urudi mara hamsini. Zoezi lenyewe ndilo huko kurudi. Moyo kwenda mbio ni mwili umejiandaa kukimbia, kama unapolifukuza daladala, na ukiuogopa unauongezea mbio. Mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha umakinifu wa namna hii wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, na siku hizi mafunzo yake huchukua wiki nane. Kwa hiyo usiniandikie siku ya tatu kwamba haifanyi kazi. Na ufanye mazoezi mchana pia, dakika kumi kabla ya kufungua kibanda. Ukingoja mpaka usiku umechelewa.

Ila deni halitibiwi kwa pumzi. Kule Harare, Zimbabwe, tangu 2006, kuna mabibi waliofunzwa kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki. Wanachokitibu, Washona, watu wa huko, wanakiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi hakwambii uache kuwaza. Mnachagua tatizo moja mnalitafutia njia. Wewe chagua hili: mwombe bosi aandike umekatwa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, na mwezi gani unamaliza. Nashuku nusu ya kushtuka kwako usiku ni kutojua mwisho wa hilo deni.

Baada ya wiki sita hujaona tofauti, au ukianza kukosa hamu ya kula, nenda hospitali ya rufaa uulizie kliniki ya afya ya akili. Ukipata wazo la kujidhuru, usingoje hata hizo wiki; nenda siku hiyo hiyo, na mtu wako akusindikize. Daftari libebe, daktari atalihitaji.