Hilo faili la DLL halijapotea

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Kijana mmoja amenitengenezea programu ya stoo na mauzo kwa lugha ya Python, na kwenye mashine yake inafanya kazi vizuri. Kwangu, kwenye Windows 7, inagoma na kuniambia api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll haipo. Fundi alilipakua faili hilo mtandaoni akalitia System32, folda ya mfumo wa Windows, sasa linakuja kosa jingine, "procedure entry point". Fundi wa pili anasema nipige Windows upya. Nifuate lipi?

JIBU: Ndugu, kwanza msimamishe huyo fundi wa DLL. DLL ni faili la msaada ambalo programu huliita ili lizifanyie kazi fulani. Hilo analolitafuta halijapotea. Halimo kwenye Windows 7 tangu ilipotoka mwaka 2009, na hata ukiisakinisha leo kutoka kwenye CD halisi hutalikuta. Kisanduku cha kosa ndicho kinachowapoteza watu: kikisema faili halipo, mtu anadhani limefutika au limeliwa na kirusi, anaingia mtandaoni kulisaka.

Jina hilo refu ni kama kibao cha mlangoni. Kuanzia Windows 8, programu ikilitaja, mfumo wenyewe unajua iingizwe wapi. Python kuanzia toleo la 3.9 inategemea kazi zilizomo humo ndani. Windows 7 haina kibao wala chumba. Fundi wako akaleta faili la Windows mpya, nalo lilipoamka likaanza kudai mambo ya Windows mpya, ndiyo maana kosa limebadilika sura. Akikuletea la pili, litadai la tatu.

Nakutana na hili mara kwa mara na bado linaniudhi. Microsoft haigawi DLL za mfumo moja moja. Huzitoa ndani ya masasisho na vifurushi vyake. Zile tovuti zenye kitufe kikubwa cha kijani hazijui faili limetoka mashine gani, na wewe hujui limechezewa na nani. Halafu fundi anazima antivairasi kwanza, eti isimsumbue! Ukishatia kitu System32 kwa idhini ya msimamizi, umekipa nafasi ya kuitwa na programu yoyote ile, pamoja na hiyo unayofungulia akaunti ya benki.

Ipo hali inayofanana na hii ambayo ina dawa halali. Katikati ya jina kukiwa na "crt" badala ya "core-path", sasisho la Microsoft namba KB2999226 hulimaliza, mradi uwe na Service Pack 1, yaani kifurushi kikubwa cha masasisho ya Windows 7. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Ukiona 7601, unayo, 7600, huna. Lako si hilo.

Dawa yako iko kwa kijana. Aijenge programu upya kwa Python 3.8, toleo la mwisho linalokubali Windows 7. Kisakinishi chake cha mwisho ni 3.8.10. Mashine yako ikiwa ya biti 32, naye ajengee Python ya biti 32. Kama ametumia amri ya "match", iliyoingia kwenye 3.10, atabadilisha mistari kadhaa. Asikwambie haiwezekani. Lile faili la fundi liondoe ndani ya folda ya System32, na ndani ya folda ya SysWOW64 kama aliliweka huko pia; Windows 7 hailihitaji.

Fundi wa pili muulize: Windows ipi? Akipiga 7 ile ile utarudi hapo hapo, tena bila kumbukumbu zako za mauzo kama hujazinakili kwenye flashi. Windows 10 huenda kwenye mashine ya zamani yenye RAM ya GB 4, hasa ukiiwekea SSD (diski ya kasi), ingawa nayo msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine nyingi za enzi ya Windows 7 hazina.

Na hata programu ikiwaka, Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020. Chrome yake iliishia toleo la 109, mwaka 2023. Ukiona tangazo la "Chrome mpya kabisa kwa Windows 7", jiulize anayeitengeneza ni nani. Kwenye simu ni vilevile: Play Store ikikwambia programu haioani na kifaa chako, anatokea mtu kwenye kundi la WhatsApp na APK (faili la kusakinishia programu) "iliyorekebishwa", akikuelekeza kuruhusu vyanzo visivyojulikana. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye laini yako ya M-Pesa, na SMS za uthibitisho za benki zinaingia humo humo.