Seva ya barua pepe nzito kila asubuhi: kabla ya kununua RAM, angalia betri ya kadi ya RAID

Mkuu, kwanza niweke swali lako kwa kifupi ili wanaoingia sasa wafuatilie. Una seva ya Ubuntu yenye Postfix (inayopokea na kupeleka barua) na Dovecot (inayowafungulia watumiaji masanduku yao), watumiaji mia na ushee, diski nne za mizunguko 7200 kwa dakika kwenye RAID 5, yaani diski zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, inayoendeshwa na kadi. Ikifika saa tatu asubuhi Outlook za watu zinaganda, barua zinachelewa, load (kipimo cha kazi zinazoisubiri seva) inapanda hadi 25 huku prosesa haina kazi. Umepima diski kwa dd, programu ya kunakili data, ukapata MB 190 kwa sekunde, kwa hiyo umeamua diski ni nzima, na bei ya RAM imeshaulizwa.

Subiri kidogo na hiyo RAM. Dalili zote ulizozitaja zinaelekeza kwenye diski, na kipimo cha dd ndicho kilichokupoteza. Kupima seva ya barua kwa dd ni sawa na kupima daladala kwa kuikimbiza barabara tupu bila kusimama kituoni. dd inaandika faili moja refu mfululizo, tena sehemu kubwa inaishia kwenye RAM kwanza. Postfix inafanya kazi tofauti kabisa: kila barua ni faili dogo, na kabla ya kumjibu mtumaji ile 250 (yaani “nimepokea”), inaiamuru kerneli, kiini cha Linux, kwa fsync ihakikishe faili limefika diskini kweli. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu akishapata 250 mtumaji anafuta nakala yake, na kuanzia hapo barua ni dhamana yako.

Sasa piga hesabu. Diski ya 7200 inazunguka mara 120 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8.3. Kwa wastani unasubiri nusu mzunguko, ongeza muda wa kichwa kuhama, unabaki na kazi 80 hivi za hapa na pale kwa sekunde. Diski nne ni kama 320. Lakini RAID 5, kwa kila andiko dogo, inasoma data ya zamani, inasoma pariti ya zamani (data ya ziada ya kurejeshea diski ikifa), kisha inaandika zote mbili upya: kazi nne. 320 gawanya kwa 4, umerudi kwenye 80. Diski nne zinaandika kwa nguvu ya diski moja!

Na barua moja haiandikwi mara moja. Inaingia kwenye foleni ya Postfix, inapelekwa Amavis kukaguliwa virusi na spamu, inarudi kwenye foleni kama barua mpya, ndipo inaingia kwenye Maildir ya mtumiaji, folda ambamo kila barua ni faili lake. Dovecot nayo inasasisha indeksi zake. Kwenye Maildir hata mtu akifungua tu barua, faili linabadilishwa jina, maana alama ya kusomwa imo ndani ya jina lenyewe. Watu mia wakifika ofisini pamoja na kufungua Outlook, 80 kwa sekunde zinaisha upesi sana.

Utauliza, mbona miaka yote hiyo ilikuwa inaenda vizuri? Hapo ndipo ninapoishuku betri.

Kadi nyingi za RAID za seva zina kumbukumbu yao ndogo inayolindwa na betri. Ikiwa nzima, andiko likifika kwenye kumbukumbu hiyo kadi inajibu papo hapo kwamba limehifadhiwa, kisha inalipeleka diskini kwa utaratibu wake. fsync iliyokuwa inakula milisekunde nyingi inakula sehemu ya milisekunde. Betri ikifa, kadi inaacha utaratibu huo yenyewe, bila kumwambia mtu, na kila andiko sasa linasubiri sahani ya diski izunguke. Hakuna kinachoanguka na hakuna hitilafu kwenye logi ya barua, ila seva imekuwa nzito.

Nilikutana na hali hiyo kwenye ofisi moja Mwanza niliyoitwa kusaidia. Walikuwa wameshahamisha watumiaji, wamepunguza ukubwa wa viambatisho, na wamezima kichujio cha spamu, jambo lililowaletea taabu nyingine. Chumba cha seva kilikuwa cha moto, kiyoyozi kinazimwa jioni wakati wa kufunga ofisi, na betri hizi hazipendi joto. Kadi ilikuwa ya jamii ya MegaRAID, nikaendesha:

MegaCli -LDInfo -Lall -aAll

Mstari wa Default Cache Policy (ilivyopangwa) ulisema WriteBack, yaani kujibu papo hapo; wa Current Cache Policy (ilivyo sasa) ukasema WriteThrough, yaani kusubiri diski. Mistari hiyo miwili ikitofautiana, umempata mchawi. Baada ya kubadilisha betri na kuiacha ijae, ule uzito wa asubuhi uliondoka bila kugusa kitu kingine. Kwa seva za Dell tumia perccli, za HP ni ssacli; maneno yanatofautiana kidogo lakini habari ni ile ile. Na kama kadi ni ya zamani, ujue baadhi zinajipangia kumwaga na kujaza betri kila baada ya miezi kadhaa, na wakati huo seva itakuwa nzito kwa saa chache hata kama betri ni nzima.

Kuna mtu atakushauri uilazimishe kadi ibaki WriteBack hata bila betri. Nakusihi usifanye. Kwa umeme wetu unaokatika bila taarifa, siku ukikatika na UPS ikashindwa, barua ulizokwisha kuzijibu 250 zinapotea bila yeyote kujua, na mfumo wa mafaili unaweza kuharibika. Heri uzito wa wiki moja ukisubiri betri. Kuzima barrier kwenye ext4 (amri ya mfumo wa mafaili inayohakikisha maandiko yamefika diskini kwa mpangilio) ni hatari ya aina hiyo hiyo.

Ili tusibahatishe, kesho saa tatu, wakati kumezidi, endesha iostat -x 1. Ripoti ya kwanza iruke, ni wastani tangu seva iwashwe. Angalia w_await, wastani wa muda ambao andiko linasubiri: ikiwa milisekunde 50, 100 au zaidi, watu wanaisubiri diski. %util, asilimia ya muda ambao diski ina kazi, usiitegemee sana kwenye RAID, inadanganya kwa sababu diski kadhaa zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Ile load 25 nayo usiiogope kama idadi, Linux inahesabu humo hata michakato iliyokwama kusubiri diski. Kisha iotop -o ikuonyeshe nani anasoma na kuandika. Mara nyingine ni bakapu ya rsync iliyoanza usiku ikakuta mafaili mamilioni ya Maildir na bado haijamaliza asubuhi.

Logi ya Postfix pia inasema mengi. Tafuta delays= yenye namba nne. Ya kwanza ikiwa kubwa kwa barua ndogo zinazotoka ndani ya ofisi, tatizo liko wakati wa kupokea na kuandika kwenye foleni. Ya mwisho ikiwa kubwa kwa barua zinazokwenda kwa Dovecot, ni kuandika kwenye masanduku.

Kagua na diski moja moja: smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda, halafu 1, 2, 3; namba hizo ni za kadi, kwa hiyo zinaweza kuanzia kwingine. Current_Pending_Sector (idadi ya sekta zinazoshukiwa kuwa mbovu) ikiwa juu ya sifuri, hiyo diski moja inaweza kuzichelewesha zote. Ikiwa mtu aliweka diski za kompyuta ya mezani ni mbaya zaidi, maana zinahangaika na sekta mbovu kwa muda mrefu wakati za seva huachana nayo baada ya sekunde 7 hivi.

Betri ikiwa nzima na namba bado ni mbaya, mimi ningehamishia indeksi za Dovecot kwenye SSD (diski isiyozunguka) kwa kutumia INDEX= ndani ya mail_location (kuanzia Dovecot 2.4 ni mail_index_path), na folda ya muda ya Amavis ningeiweka kwenye tmpfs, folda inayokaa ndani ya RAM. Hiyo ni salama, kwa sababu Postfix inabaki na nakala mpaka Amavis imalize. Foleni ya Postfix yenyewe usiiweke kwenye tmpfs kamwe. SSD nunua yenye ulinzi wa umeme kukatika, za bei ya chini huwa nzito sana kwenye fsync. RAID 5 kwenda RAID 10, isiyo na pariti, ni kazi ya wikiendi nzima na bakapu iliyojaribiwa, iache ya mwisho.

Tuma hapa iostat ya dakika moja ya saa tatu, ile mistari miwili ya Cache Policy, na aina ya kadi. Nikiona hivyo nitakwambia kama RAM ina kazi yoyote kwenye tatizo hili.