Gari-nyumba la kukodi, usiku tatu Puerto Peñasco: maji, umeme na mpaka

SWALI: Tunaishi Phoenix, Arizona. Mimi na mume wangu tuna kadi za ukaazi wa kudumu, na watoto wetu watatu (miaka 4, 8 na 11) ni raia wa Marekani. Mama mkwe yuko kwetu kwa matembezi kutoka Tanga, ana pasipoti ya Tanzania na viza ya Marekani. Mwezi wa nne tunataka kukodi gari-nyumba la futi 28, twende kupiga kambi ufukweni Meksiko kwa usiku tatu. Mume wangu ameipenda Bahía Concepción, ambako watu huegesha kando ya maji kabisa, hakuna umeme wala bomba. Gari lina tangi la maji safi la galoni 40, la maji machafu ya kuogea na vyombo galoni 30, na la choo galoni 30. Yatatutosha? Tukipata umeme wa kambi, kiyoyozi kitakuwa salama? Na mpakani tunahitaji karatasi gani? — Mama watoto, Phoenix

JIBU: Dada, kwanza iwekeni kando Bahía Concepción. Iko zaidi ya kilomita 800 kusini mwa mpaka, na Barabara Kuu Namba 1 ya rasi ya Baja California ni nyembamba, sehemu nyingi haina hata ukingo wa kuchepukia. Kwa gari la futi 28 ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Usiku wenu tatu utaishia njiani.

Nendeni Puerto Peñasco, jimbo la Sonora. Kutoka mpaka wa Lukeville ni kama kilomita 100, na kutoka Phoenix jumla yake ni kama kilomita 340; kwa gari-nyumba, pamoja na kusimama kwa ajili ya watoto, hesabuni saa tano. Sonora na Arizona zote hazibadilishi saa, kwa hiyo saa zenu za mkononi haziguswi. Kambi zenye umeme, maji na bomba la majitaka zipo ufukweni penyewe, Playa Bonita ikiwa mojawapo. Angalieni tu kalenda: wiki ya Pasaka mara nyingi huangukia mwezi wa nne, na wiki hiyo mji hufurika. Chagueni wiki nyingine.

Sasa matangi, maana hapo ndipo safari za familia huharibika. Mko sita. Mtu anayejibana huoga dakika mbili chini ya bomba la galoni moja na nusu kwa dakika, yaani galoni 3. Ongeza galoni moja ya choo na mikono, na nusu galoni ya vyombo. Ni galoni 4.5 kwa mtu, 27 kwa familia kwa siku. Tangi la galoni 40 litakauka siku ya pili. Ila lingine litawasimamisha kabla ya hilo: katika zile galoni 27, zaidi ya 20 huteremka kwenye tangi la maji machafu, ambalo ni galoni 30 tu. Siku ya pili, mtu yuko bafuni, maji yataanza kurudi juu kupitia tundu la sakafu. Watu wengi huhesabu maji yanayoingia na kusahau yanayotoka. Kwa hiyo lipieni nafasi yenye bomba la majitaka. Bila bomba hilo, watu sita na gari hili ni usiku mmoja, na kujibana sana usiku wa pili.

Mkishaunganisha, valvu ya tangi la choo ifungwe. Ukiiacha wazi, majimaji yote hukimbia na vigumu hubaki vikijikusanya chini ya bakuli mpaka viwe kilima kisichosukumika. Subirini tangi lifike theluthi mbili, lifungueni, kisha baada yake fungueni la maji machafu ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Vaeni glavu za mpira, na mpira wa majitaka usikae karibu na mpira wa maji safi, hata kwenye sanduku la gari.

Gari la kukodi usiliamini tangi lake. Siku moja kabla ya safari, weka jiki ya kawaida isiyo na manukato, robo kikombe kwa kila galoni 15. Kwa tangi lenu ni kama mililita 160. Ichanganye kwanza kwenye ndoo ya maji, mimina, jaza tangi, fungua kila bomba mpaka harufu ya jiki isikike, yaache yalale usiku mzima. Asubuhi mwaga yote, suuza kwa maji mapya mpaka harufu iondoke. Barabarani bebeni galoni 15 tu za kunawia na choo: tangi likijaa ni kilo 150 za ziada juu ya matairi, na kambini maji yapo. Maji ya kambi ni ya kuogea na kuoshea. Ya kunywa, kupikia na kupigia mswaki nunueni kwenye madumu ya lita 20, ambayo Meksiko huitwa garrafón. Dumu moja kwa siku, wekeni manne.

Kuhusu umeme, swali lako ni zuri, kwani viyoyozi vingi huunguzwa na umeme mdogo kuliko umeme mkubwa. Mota ya kompresa inapopewa volti pungufu, huvuta ampea zaidi ili imalize kazi ileile. Nyaya zake hupata joto, ngozi yake huyeyuka, na kompresa imekufa. Kambini volti hushuka hasa alasiri na jioni, kila mtu anapowasha kiyoyozi chake. Nunueni au kodini kilinda umeme cha ampea 30 kinachokata chenyewe volti zikishuka chini ya 104 au zikipita 132. Chukueni pia adapta ya kutoka ampea 30 kwenda soketi ya kawaida ya 15, kwani si kila nguzo ya umeme ya kambi ina soketi kubwa.

Utaratibu wake ni huu. Zima swichi zote ndani ya gari. Zima swichi ya nguzo. Chomeka kilinda umeme peke yake, washa nguzo, na usubiri kisome. Kikionyesha waya wa ardhi haupo, au waya wa moto na wa kurudi vimebadilishana nafasi, msiunganishe gari. Ombeni nguzo nyingine, hata kama mmeshaegesha vizuri. Hilo msilifanyie mzaha na watoto wanaopanda ngazi ya chuma miguu ikiwa na maji: waya wa ardhi ukikosekana, bodi lote la gari laweza kuwa na umeme. Kipimo kikiwa sawa, zima tena nguzo, unganisha gari, washa. Volti zikiwa 108 na zaidi, washeni kiyoyozi. Zikielekea 105, kizimeni na mfungue madirisha. Kiyoyozi cha paa hula ampea 12 hadi 13, kwa hiyo kwenye soketi ya 15 maikrowevu isubiri.

Jenereta ya gari iwe akiba. Kwa kawaida hujizima tangi la petroli likifika robo, makusudi ili mbaki na mafuta ya kurudi. Isiwashwe watu wakiwa wamelala, wala gari la jirani likiwa karibu na bomba lake la moshi: gesi ya kaboni monoksidi haina harufu. Kabla ya kuondoka kwa mkodishaji, bonyeza kitufe cha kujaribu kengele ya gesi hiyo, usikie ikilia.

Karatasi. La kwanza kabisa, kabla hata ya kulipa amana, soma mkataba wa kukodi: mikataba mingi inakataza Meksiko. Unayemtaka ni mkodishaji atakayekupa barua ya ruhusa yenye jina la dereva, namba ya gari na tarehe, pamoja na nakala ya usajili. Bima ya Marekani ya madhara kwa watu wengine haitambuliwi Meksiko. Kateni bima ya Kimeksiko kwa siku zote, gari liandikwe wazi kuwa ni gari-nyumba, na kama mnavuta gari dogo nyuma nalo litajwe. Ajali ikitokea, dereva anaweza kuzuiliwa mpaka ijulikane nani ana kosa na nani atalipa, na bima hiyo ndiyo hujibu swali la pili. Kibali cha kuingiza gari hakihitajiki kwa Puerto Peñasco.

Kila mmoja awe na pasipoti, watoto pia. Ninyi wawili ongezeni kadi za ukaazi. Bibi haombi viza ya Meksiko maadamu viza yake ya Marekani ni hai. Hakikisheni ni ya kuingia mara nyingi, na kwamba muda aliopewa kukaa Marekani haujaisha siku mtakayorudi. Mkivuka, hakuna atakayewasimamisha kuwapeleka ofisi ya uhamiaji. Egesheni wenyewe upande wa Sonoyta, mji wa Meksiko ulio mpakani mkabala na Lukeville, mchukue fomu ya mgeni, mgongewe muhuri.

Na jambo moja zito: Meksiko hairuhusu silaha wala risasi, hata moja. Gari la kukodi limepita mikono mingi. Fungua kila droo, kila mfuko wa mlango, inua magodoro, chungulia chini ya viti. Risasi iliyosahauliwa na mteja wa mwezi uliopita itakuwa yako.

Vukeni asubuhi, mfike mchana. Mpaka wa Lukeville hufunguliwa saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, lakini usiku barabara ile ina mifugo. Sonoyta ina matuta makali. Gari refu huburuza mkia wake, hivyo pandeni taratibu kabisa. Mkiharibikiwa, piga 078, msaada wa barabarani wa serikali uitwao Ángeles Verdes. Dharura ni 911.

Ufukweni penyewe, bibi wa Tanga atakuwa mwalimu wenu. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwao ni karibu mita 4. Puerto Peñasco, karibu na mwisho wa Ghuba ya California, hufika mita 7. Maji yakipwa, mwamba hubaki wazi na vidimbwi vyake vyenye kaa na konokono, na watoto watataka kushinda huko. Chukueni jedwali la maji la wiki yenu, na kila mtu awe ameanza kurudi pwani saa ya maji kupwa kabisa inapofika, maana hujaa nyuma ya mtu kabla hayajajaa mbele yake. Kwenye kina kifupi cha mchanga kuna taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Wafundisheni watoto kuburuza nyayo bila kuziinua, taa akisikia hukimbia. Akimchoma mtu, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 43, mtu mzima akiyajaribu kwanza kwa mkono wake, kwa saa moja na zaidi, kisha daktari autazame mguu kama kuna kipande cha mwiba.

Gari libaki kwenye nafasi iliyoshindiliwa. Msilishushe mchangani hata mkiona gari la jeep limepita. Likinasa, acheni kukanyaga mafuta mara moja. Kila mzunguko wa gurudumu ni shimo. Chimbeni mbele ya magurudumu yote ya nyuma kwa koleo, ingizeni mbao, mvutwe kwa ndoana za fremu, kamwe si kwa bampa. Turubai la kivuli likunjwe kila usiku, kwani upepo huamka ghafla.

Kurudi, epukeni Jumapili mchana, foleni ni ndefu. Mwageni matangi kambini, tangazeni kwa forodha chakula chote kilichomo kwenye friji, yakiwemo matunda na nyama. Phoenix, kabla ya kurudisha gari, pigeni maji baridi chini ya bodi, kwenye breki na kwenye ngazi: chumvi ikikaa wiki moja hapo, kutu imeshaanza, na amana yenu ndiyo itakayolipa.