Kabla hujanunua bunduki ya mashindano ya kikauboi, chagua kwanza risasi

Waswahili wenzangu huku Arizona wakishajua kwamba Jumamosi zangu nazimalizia kwenye mashindano ya kulenga shabaha kikauboi, swali la kwanza ni lilelile, ninunue bunduki gani? Mimi nawajibu chagua risasi kwanza, bunduki itafuata. Nasema hivi manake mwenzenu nilianzia kinyume, nikaenda dukani nikapenda bunduki nikalipa, alafu ndo nikaanza kuuliza inakula risasi gani na sheria zinasemaje, na hilo lilinigharimu hela na siku nzima ya mashindano.

Kwa ambao hamjauona huu mchezo, ulianza California mwaka 1982 kwa mashindano yanayoitwa End of Trail, na mwaka 1987 wakaunda chama chao, Single Action Shooting Society, wenyewe wanafupisha SASS, klabu nyingi zinafuata kitabu cha sheria cha hawa. Unavaa kama mtu wa miaka ya 1800, unakuja na bastola mbili za kuvuta nyundo kwa dole gumba kila risasi, bunduki ndefu ya wenzo, yaani unavuta wenzo wa chini kuingiza risasi nyingine, na shotgun, ile bunduki ya kutoa chembe nyingi, ya mtindo wa kizamani, unapiga sahani za chuma huku saa inahesabu. Ukikosa sahani moja unaongezewa sekunde tano. Bastola inabeba sita lakini unajaza tano tu, nyundo inakaa juu ya tundu tupu, hiyo ni usalama na hakuna mjadala.

Sasa kaliba, yaani upana wa risasi kwa sehemu ya inchi. Kwa bastola ni kuanzia .32 mpaka .45, na lazima iwe risasi ambayo kiwashio chake kiko katikati ya kitako cha ganda, kwahiyo ile .22 ndogo ambayo wengi tunajifunzia imeachiwa watoto. Bunduki ndefu nayo kiwashio lazima kiwe katikati, ila kuna mtego ambao nimeona watu wakiingia: lazima itumie risasi ya aina ya bastola. Mtu anaona bunduki ya wenzo nzuri ya .30-30, ina sura ya kikauboi kabisa, risasi yenyewe ni ya tangu 1895, anasema hii ndo yenyewe, anainunua, kumbe kwenye mashindano ya kawaida hairuhusiwi manake ile ni risasi ya bunduki, ina nguvu mno kwa sahani zilizo karibu. Zinazokubalika na utakazokutana nazo sana ni .32-20, .38 Special, .357 Magnum, .38-40, .44-40, .44 Special, .44 Magnum na .45 Colt.

Lakini namba kuwa sahihi haitoshi, na hapa ndipo nilipoumia. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili, risasi ya kupiga na risasi ile madini, na sheria ya huu mchezo inakaa hapohapo: kichwa cha risasi lazima kiwe cha risasi, madini yenyewe, laini, isiyovishwa shaba. Mimi niliuliza dukani nikaambiwa 38 ni 38, chukua hii, nikabeba boksi tatu. Asubuhi ya mashindano mzee mmoja anayesimamia usalama akaomba aone ninachopiga, akachukua risasi moja akaigeuza juani, ikang'aa rangi ya chungwa. Akatikisa kichwa. Akanipeleka mpaka kwenye sahani, akanionyesha ardhini vipande vya risasi vimebondeka bapa kama sarafu, akasema madini laini yanapasukia pale na kwenda chini, vazi la shaba linachanika linarudi kwa watu, na wewe unasimama hatua saba au kumi tu kutoka kwenye chuma. Sikupiga siku ile. Iliniuma kwelikweli, nilikuwa nimeendesha gari zaidi ya saa mbili, lakini alikuwa sahihi na hadi leo namshukuru.

Kwahiyo zilizovishwa shaba nzima au nusu hapana, zilizochovywa shaba hapana, zenye kikofia cha shaba kitakoni hapana. Zile zilizopakwa rangi ya plastiki, utaziona nyekundu au kijani, hizo ruksa, usichanganyikiwe, ndani ni madini ya risasi matupu na wengi tunazipenda kwa sababu mikono haichafuki sana.

Alafu kuna mwendo. Bastola isizidi futi 1,000 kwa sekunde, bunduki ndefu isizidi 1,400. Na chini kuna kikomo pia, watu walikuwa wanapenda kupunguza baruti ili bastola isiruke, ndo maana kuna kipimo: uzito wa kichwa kwa greini (kipimo kidogo cha uzito) zidisha kwa mwendo, gawanya kwa 1,000, lazima upate 60 kwenda juu, na mwendo usishuke chini ya futi 400. Kichwa cha greini 100 kwa futi 550 unapata 55, umefeli. Cha greini 125 kwa futi 700 unapata 87.5, uko salama na mkono hauumi. Hii ndo maana hata ukiwa na .357 Magnum usitumie risasi zake za dukani zenye nguvu zote, nyingi zinavuka mwendo.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni nunua bastola mbili na bunduki ndefu za .357, alafu pigia .38 Special kwenye zote tatu. Inaingia vizuri, ni rahisi kuipata, bei yake iko chini ya .45 Colt na chini kabisa ya .44-40, na kwa siku moja ya vituo sita vya kupigia unamaliza risasi 120 bila kuhesabu shotgun. Jambo moja tu la kuangalia, kama bunduki yako ni ya mtindo wa Winchester 1873 basi urefu wa risasi nzima ni muhimu. Mimi nilijaribu vichwa vifupi ili nipate mruko mdogo, risasi ya nyuma ikachungulia kidogo tu ndani ya kile kipande kinachopandisha risasi, wenzo ukagoma katikati, saa inaenda. Jaribu kumi kumi uwanjani kwanza kabla hujanunua elfu. Na chukua zenye pua bapa, kwenye magazini ya bomba, lile bomba chini ya mtutu linalobeba risasi, zinalala pua ya moja juu ya kiwashio cha nyingine, pua kali pale ni hatari.

Wanaopenda historia watakwambia .44-40, na siwalaumu. Winchester waliitoa na bunduki ya 1873, Colt nao wakaanza kutengeneza bastola ya risasi hiyohiyo mwaka 1878, mtu akawa anabeba mkanda mmoja kwa silaha zote mbili. Ganda lake ni jembamba mdomoni, linatanuka linaziba vizuri, ndo maana wanaopiga baruti nyeusi wanaipenda, masizi hayarudi nyuma ndani ya bunduki kama kwenye .45 Colt. Ila .44-40 ukijijazia mwenyewe mdomo wa ganda unakunjika kirahisi, inataka utulivu.

Shotgun haina maneno mengi, geji (kipimo cha upana wa mtutu) 20 hadi 10, chembe namba 4 au ndogo zaidi, za madini ya risasi, za chuma haziruhusiwi.

La mwisho kwa ndugu zangu tulio ugenini. Kama uko kwa viza ya masomo au ya kutembea, usiguse kununua silaha wala risasi kabla hujaongea na mwanasheria, sheria ya Marekani kwa mwenye viza kama hizo ni kali na kosa moja linakula makaratasi yako yote. Na ukiwa unasafiri kwenda nyumbani, usitumie begi wala koti unalovaa uwanjani. Mwaka juzi nikiwa napaki kwenda Dar nilikung'uta kizibao changu juu ya kitanda, ikadondoka .38 moja iliyokuwa imejificha kwenye pindo la mfuko, nzima na baruti yake. Tangu siku ile kizibao kinalala kwenye kabati la silaha, na safari zangu nina begi la peke yake.