Interferoni: Ni Dawa, au Tunazaliwa Nazo?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Shemeji yangu ana homa ya ini aina ya B, na kliniki amesikia ikitajwa sindano ya interferoni. Mwanangu wa kidato cha sita anasema interferoni zimo mwilini mwetu, tena ni za namna nyingi. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, mama. Wote wawili ni wakweli. Interferoni ni protini zinazotengenezwa na seli zenyewe zinapovamiwa, hasa na virusi. Alick Isaacs na Jean Lindenmann walizitambua jijini London mwaka 1957, wakifanya majaribio ya virusi vya mafua kwenye utando wa mayai ya kuku.

Wewe unayeanika dagaa utanielewa upesi. Mwenzako aliyekwisha kunyeshewa hupiga ukelele, na ingawa dagaa wake wamelowa, majirani mnawahi kuzoa wenu. Ndivyo ifanyavyo seli iliyovamiwa: interferoni zake haziui kirusi, bali hujishika kwenye vipokezi vya seli jirani, nazo huamsha mamia ya jeni zinazokizuia kirusi kuzaliana humo.

Interferoni zimegawanywa katika makundi matatu, na kazi hiyo hasa ni ya kundi la kwanza, lenye alfa na beta. Kundi la tatu, yaani lamda, lililotambuliwa mwaka 2003, hufanya kazi kama hiyo, ila husikika zaidi kwenye ngozi laini za ndani, kama za njia ya hewa na utumbo.

Kundi la pili lina gama peke yake, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kujulikana zaidi kwetu, ambako kifua kikuu hakijatutoka. Gama hutolewa na seli za kinga zenyewe, zikiwemo seli T, na huzipa nguvu seli zinazomeza vijidudu ili ziviue vile zilivyokwisha kuvimeza. Anayezaliwa na kasoro katika njia hiyo hudhuriwa hata na bakteria waliodhoofishwa wa BCG, chanjo ya kifua kikuu.

Sindano aliyoisikia shemeji ni alfa iliyotengenezwa kiwandani, ambayo kwa kawaida hudungwa mara moja kwa wiki kwa wiki 48. Haimfai kila mgonjwa, hasa ambaye ini lake limekwisha kushindwa kazi, na wengi hupewa vidonge kama tenofovir. Anayedungwa huweza kutetemeka na kuumwa viungo kama mwenye mafua, kwa kuwa mwili umesikia ukelele uleule.